Kesho ya Baba Ling

Wenzangu wa stendi, nimeamua kuandika. Mara nne nimeanza kuwasimulia habari za Guangzhou, na mara nne, nikifika penyewe, basi la Mwanza linaingia na nyote mnanikimbia na masinia yenu ya kuku. Juzi Mama Rehema aliondoka akiamini nilikwenda China kula vijiti. Basi someni wenyewe, mkimaliza mpokezane, na atakayeshindwa na mwandiko wangu asisingizie miwani.

Najua swali lenu ni moja: mtoto yuko wapi? Nilikwenda kumwombea Tumaini, mtoto pekee wa marehemu mdogo wangu Yohana, aje likizo moja tu amwone bibi yake na kaburi la baba yake. Binti ana miaka minane na hajawahi kukanyaga Singida. Mama yangu amemwona kwenye simu tu, na siku hizi macho yake hata simu haiyasaidii. Mkaniona nimeshuka kwenye basi na sanduku lile lile moja, peke yangu, mkanyamaza kwa adabu siku mbili. Ya tatu mkaanza kuuliza.

Mambo ya viza na tiketi siyaandiki, yalinitoa jasho vya kutosha. Naandika njia, watu na kuku.

Singida hadi Dar

Nilibeba chupa mbili za asali, kanga moja mpya na ujumbe wa mama.

"Mwambie mzazi mwenzangu simnyang'anyi mtu," mama aliniambia tukiagana. "Nataka kumpapasa uso tu. Mara moja. Nijue kama pua ni ya Yohana."

Mzazi mwenzake ni Baba Ling, babu wa Tumaini kwa upande wa mama. Wifi yangu Ling anafanya kazi kwenye ofisi moja ya makontena kule bandarini Nansha, anatoka alfajiri anarudi giza limeingia, kwa hiyo tangu Yohana afariki, miaka mitano sasa, anayemlea Tumaini ni huyo mzee. Ana duka la vitu vya watoto kuchezea, liko Yide Lu, mtaa ambako wafanyabiashara wetu wanakwenda kununua mzigo mchanganyiko. Ling alikwishaniambia kwenye simu kwamba yeye angemleta mtoto hata leo, lakini hawezi kumpinga baba yake, na baba yake akiulizwa habari hiyo anazungumzia mvua. Sasa mzee alikuwa amekubali kuniona mara moja, Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Akisema ndiyo, mtoto anakuja. Akisema hapana, basi, mama yangu atazikwa bila kuushika ule uso.

Nilipanga kufika Jumanne nipumzike. Kutoka Dodoma nilipanda treni ya umeme, ikasimama porini muda ambao ningewauzia abiria wote kuku na chumvi juu yake. Jirani yangu akasema tusiwe na wasiwasi. Mimi nilikuwa nao tangu Singida.

Addis Ababa

Ndege yetu ya kutoka Dar ilifika Addis imechelewa, na ile ya Guangzhou ilikuwa imeondoka bila sisi. Wakatuambia tungoje ya siku inayofuata. Nikamwandikia Ling: "Wifi, nafika kesho." Siku inayofuata wakatupandisha, wakatukalisha ndani saa tatu, wakatushusha, eti kuna kifaa kinabadilishwa. Nikamwandikia tena: "Wifi, nafika kesho." Sikuona ubaya wowote. Ningeandika nini kingine?

Pale uwanjani nilikaa na mama mmoja Mkongo, Mama Bea, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, anayekwenda Guangzhou kununua nguo za watoto kila baada ya miezi mitatu. Walituletea chakula, na pembeni ya sahani kulikuwa na kitu laini kimeviringishwa. Nikakichukua nikafuta nacho mikono. Mama Bea aliniangalia hadi nikamaliza.

"Ma soeur," alisema, "hiyo njo chakula."

Ilikuwa injera, mkate wao. Tulicheka hadi watu wakageuka. Baada ya hapo akaniona mtoto wa kulea, akanifundisha Guangzhou yote kwa kikao kimoja: tajiri wa duka anaitwa laoban, kitu kikiisha ni meiyou, na bei ya kwanza ni utani. Na jambo moja alilirudia.

"Usimwambie laoban non. Ukisema non, atakufuata mpaka kwenye mulango. Wewe cheka tu, useme kesho. Kesho, laoban, kesho. Atakuacha na amani. Sisi wote tunafanya vile."

Nikamwambia siendi kununua kitu. Akasema haidhuru, nitakuja kulihitaji.

Xiaobei

Nilifika Guangzhou Alhamisi ileile, saa nane mchana. Gesti ilikuwa Xiaobei, ambako ukisimama mlangoni unasikia Kiswahili cha Mombasa upande mmoja na cha Lubumbashi upande wa pili. Nilioga, nikabadilisha gauni mara mbili, na kwa sababu ya joto la kule la kunata nikawa nimelowa kabla sijafunga kifungo cha mwisho.

Ling alikuja saa kumi na moja na nusu, ameomba ruhusa kazini. Tulikuwa hatujaonana tangu alipokuja kuzika. Alinikumbatia akakaa hivyo, kisha akanitazama viatu.

"Tunatembea, wifi. Ni karibu. Baba hapendi kuchelewa." Kiswahili chake ni cha Yohana mtupu, hadi ile namna ya kuvuta maneno ya kwetu Singida, na kumsikia kuliniumiza kidogo. "Meseji zako mbili nilimsomea."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

"Basi vizuri."

"Si kicheko kizuri, wifi."

Nikamuuliza kwa nini hatukutani nyumbani kwake, kama watu. Ling akajibu bila kuficha kwamba nyumbani mtu akiambiwa hapana atalia jikoni kwako na utamkuta palepale asubuhi, lakini kwenye baa ya kuku kila mtu anainuka anakwenda zake. Tena Tumaini anapapenda. Nikajua mzee amekwishapanga jibu lake, na sasa amepanga na mahali pa kulitolea.

Taojin, saa kumi na mbili

Ni baa ya Kijapani kwenye kichochoro cha Taojin, ngazi moja juu, taa nyekundu za karatasi mlangoni. Niliposogeza pazia na kuingia, watu wanne nyuma ya jiko wakapiga kelele kwa pamoja, wakinitazama mimi. Nikarudi nje. Ling akanishika mkono, akasema ndivyo wanavyokaribisha wageni. Wenzangu, sisi tunaita wateja kwa kelele tangu tuzaliwe, na bado zilinitoa nje.

Baba Ling alikuwa ameshakaa. Mzee mwembamba, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nilimpigia goti kidogo nikasema shikamoo, akainamisha kichwa bila kuinuka. Tumaini akatokeza nyuma ya mgongo wake. Pua ni ya Yohana. Nilitaka kumvuta nimnuse, nikajizuia.

Sasa sikieni walivyotuketisha. Mazungumzo mazito tumezoea kuyafanya tukitazamana. Pale hakuna meza, kuna ubao mrefu unaozunguka jiko, na mnakaa mstari mmoja wote mnamwangalia mchomaji, kama wanaosubiri zamu zahanati. Tumaini mwisho, kisha mzee, kisha mimi, kisha Ling. Nikitaka kumwona mzee lazima nigeuze shingo, na nikimsikiliza Ling akitafsiri nakuwa nimempa mzee mgongo. Tangu mwanzo nilihisi nakosea.

Wakaleta kitu cheupe kimeviringishwa, kina mvuke. Mimi na akili zangu za Addis nikasema sirudii kosa, nikakipeleka mdomoni. Ilikuwa taulo. Tumaini alicheka kwa sauti, mzee akamgusa bega anyamaze. Nilifuta mikono polepole, uso unawaka.

Kisha binti mhudumu akaja na pombe yao ya mchele. Aliweka glasi ndani ya kijisanduku cha mti mbele ya mzee, akamimina. Glasi ikajaa, akaendelea kumimina. Ikafurika, akaendelea. Nikamdaka mkono.

"Dada, inamwagika."

Kumbe ndiyo desturi, glasi lazima ifurike ndani ya sanduku, maana yake mwenye baa ana ukarimu. Ling aliwaeleza kwa haraka, wakacheka, binti akamalizia kumwaga. Mzee hakucheka. Alikuwa anausoma mkono wangu, naona, mkono unaozuia kitu kisitolewe.

Kuku je? Nitawaambia kwa ufupi, kwa sababu najua ndilo mnaloruka kurasa kulitafuta. Makaa yao ni membamba na magumu, hayatoi mwali. Mchomaji anapepea kwa upepeo mdogo na hazungumzi na mtu. Kuku tunayemkata vipande vinne, wao wanamgawa hadi gegedu la kifuani lina kijiti chake. Kuna kijiti cha ngozi iliyokunjwakunjwa, kijiti cha mioyo mitano, kijiti cha kile kinundu cha mkiani ambacho sisi tunawatupia paka. Unaulizwa chumvi au mchuzi, basi. Hakuna ndimu wala pilipili mbuzi. Nilionja kile cha mkiani nikanyamaza, kwa sababu kilikuwa kitamu na sikutaka kukubali.

Ikaja firigisi. Mzee akaichukua kwa mkono wake akaiweka kwenye sahani yangu. Mnajua wenyewe. Miaka yote hii tunawauzia wanaume firigisi, kwetu ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke wa rika langu haiweki mdomoni mbele ya mkwe. Nikamrudishia kwa heshima, mikono miwili. Akairudisha kwangu. Nikairudisha kwake. Ling akaninong'oneza, "Kula tu, wifi, anadhani unamkataa." Nikala. Nina miaka hamsini na moja, nimekula firigisi mara ya kwanza Taojin, na kwa hofu sikupata hata ladha.

Wakaleta pombe nyingine, hii ya moto, kwenye chupa ndogo ya udongo. Nikaona nafasi ya kutengeneza mambo, nikamimina mimi. Nilipoanza tu, mzee akagonga ubao kwa vidole viwili. Nikaelewa: basi, inatosha. Nikaacha, kikombe hakijafika nusu. Baadaye nikamwongezea, akagonga tena, nikaacha tena. Jioni nzima yule mzee alikunywa vikombe nusu nusu, akiniangalia kwa jicho la pembeni, na mimi namtazama mchomaji nikijisifu kwa utii.

Hatimaye nikasema ujumbe wa mama, neno kwa neno, na Ling akatafsiri. Niliposikia sauti yake inakwama nikajua amefika kwenye pua.

Mchomaji akageuza vijiti mara tatu. Kisha mzee akauliza ni siku ngapi. Nikasema mwezi mmoja. Akauliza mbu. Nikasema kuna chandarua kipya. Akauliza nani atamrudisha.

"Mimi mwenyewe," nikasema. "Nitapanda naye ndege, nitamkabidhi mkononi mwake."

Ling akatafsiri. Mzee akatumbukiza kijiti kitupu kwenye kopo la vijiti, akauliza kitu kingine kwa sauti ya chini. Ling akanigeukia, macho yamepanuka. "Anauliza kama bibi yake anajua kuchoma kuku."

Mnaona? Mtu aliyekataa hawezi kuuliza hilo. Nikashika ubao. Nilikuwa nafungua mdomo kujibu, ndipo Tumaini akainama mbele ya babu yake na kuniuliza, kwa Kiswahili alichofundishwa na mama yake:

"Shangazi, bibi nitamwona lini?"

Nikanyoosha mkono nikamshika nywele. "Kesho, mama," nikamwambia. "Kesho."

Tunavyowaambia watoto wote. Mtoto akitaka soda, kesho. Akiuliza baba anarudi lini, kesho. Sikufikiri hata kidogo.

Mzee aliweka kijiti chini.

"Kesho," akasema.

Jioni nzima hakuwa ametamka neno la lugha yetu, na sasa alilitamka vizuri kabisa. Akarudia, "Kesho, laoban. Kesho, kesho." Akalisema kwa sauti nyembamba ya kike, tamu, inayorudi nyuma kuelekea mlangoni na tabasamu. Niliitambua ile sauti. Ni yetu. Nimeitumia mwenyewe madukani Kariakoo. Nikamkumbuka Mama Bea na mafundisho yake ya Addis.

Alikuwa ameshaanza kumvalisha mtoto koti.

"Wifi, mwambie nataka jibu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kali, sikuweza kuirekebisha. "Kama ni hapana aseme hapana. Nitaibeba nimpelekee mama."

Ling akatafsiri, sijui kama yote. Mzee akageuka akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, tukiwa tumesimama. Chupa zangu za asali zilikuwa bado kwenye ubao, hajazigusa.

"Kesho," akaniambia. Akamshika mtoto mkono, wakashuka ngazi.

Kwenye ngazi

Ilikuwa haijafika hata saa mbili. Ling alikaa kwenye ngazi ya chini akaficha uso.

"Wifi, kwa baba kesho ni hapana," akasema. "Miaka ishirini yuko dukani. Watu wenu wanakuja, Tanzania, Kenya, Congo, wanashika vitu, wanauliza bei, wanasema kesho laoban, wanaondoka. Zamani alikuwa anawawekea vitu, na majina juu. Hawarudi. Ukimwuliza Kiswahili cha hapana ni nini, atakwambia kesho. Na wewe umemwandikia kesho mara mbili, halafu hukufika. Halafu umemwambia Tumaini."

"Na kugonga ubao?"

"Kugonga nini?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili. Akainua uso, machozi yanamtoka, akaanza kucheka. "Hiyo ni asante. Ukimiminiwa unagonga, ni asante. Nilidhani unambania."

Niliketi pale karibu naye. Nilijichukia, nawaambia kweli. Maili zote zile, mama yangu amekaa mlangoni Singida anasubiri, nami nimeharibu kwa neno moja ambalo hata si uongo. Nikamwaza Yohana, angekuwepo angenicheka hadi alale chini. Na pale nilipomwaza, hasira ikanipanda, hasira nzuri.

"Mimi simjui huyo wa dukani," nikamwambia Ling. "Mimi nimeambiwa kesho. Kwetu kesho ni siku, ina asubuhi. Duka la baba linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini wifi, mimi zamu yangu Nansha ni alfajiri. Nani atatafsiri?"

"Hatuna mengi ya kutafsiri."

Yide Lu

Nilitoka Xiaobei saa moja na nusu asubuhi, nikabadilisha treni za chini ya ardhi mara moja, nikapotea mara mbili juu ya ardhi. Yide Lu ni vitu vilivyoning'inia. Mipira, ndoo, maua ya plastiki, kamba, na harufu ya dagaa wakavu inatoka duka la pembeni inakukumbusha Mwanza. Wapagazi wanapita na vitoroli hawakungoji uamue. Nilikuwa na picha ya bango aliyonitumia Ling, nikawa naionyesha watu, kila mmoja ananionyesha mbele zaidi.

Nilipolipata duka, shata la mlango lilikuwa chini. Nikakalia furushi la mtu mlangoni na mkoba wangu mapajani, asali ndani. Nilijiambia akinipita bila kunisemesha nitakaa hadi adhuhuri, halafu nitaondoka, na mama nitamwambia ukweli wote pamoja na ule wa firigisi.

Alikuja na funguo mkononi. Aliponiona alisimama katikati ya njia, kitoroli kikamgonga kisigino, hakugeuka.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Umesema kesho. Nimekuja."

Alifungua shata pole pole, hadi juu. Akanipa kigoda. Akachemsha maji, akatengeneza chai. Aliponimiminia nikagonga meza kwa vidole viwili. Akasita na birika hewani, akanitazama, akaendelea kumimina hadi kikombe kikajaa kabisa, kikafurika kwenye kisahani.

Kisha akatafuta maneno. Alikuwa na Kiswahili cha dukani tu, punguza, ngapi, mama, na akakitumia chote.

"Mama. Watu wengi." Akaonyesha mtaa wote. "Kesho. Kesho. Kesho. Meiyou." Akapitisha mkono kwenye hewa tupu.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Yohana." Akagusa kifua. "Kesho." Akaonyesha mlangoni, palepale nilipokuwa nimekaa. "Kuja."

Hapo nikaelewa jambo ambalo mdogo wangu hakuwahi kutusimulia. Alikuwa mteja. Alisema kesho kama wote, na kesho yake akaja. Kati ya wote hao miaka ishirini, yeye alikuja, na ndiyo sababu mzee huyu alimpa chai, na baadaye akampa binti yake.

Mzee hakuwa amemaliza. "Yohana," akasema tena, akainua kiganja kama ndege inayopaa. "Kesho." Akakishusha kitupu. "Meiyou."

Nililia. Sikuwa na lugha nyingine ya kumjibu. Ningemwambiaje kwamba Yohana alikuwa na nia ya kurudi, kwamba hata pale wodini alikuwa anauliza siku ya ndege yake? Mzee alinyanyuka, akapanda ngazi ya mbao, akafika rafu ya juu kabisa chini ya dari. Ilikuwa tupu yote isipokuwa mfuko mmoja mwekundu wa plastiki, na juu yake herufi kubwa za kalamu: YOHANA.

Ndani mlikuwa na kuku wa bati. Wa kuchezea, wa kijani na manjano, na ufunguo ubavuni. Mzee akamzungusha ufunguo, akamweka mezani, kuku akaanza kudonoa, tak tak tak, hadi karibu ya ukingo. Tukamzuia wote wawili, mikono ikagongana.

"Yohana, mama," akasema. Nikaelewa: Yohana alikuwa amemwekesha kwa ajili ya mama yetu, acheke. Angemchukua akirudi Guangzhou.

Nikanyoosha mkono nimchukue. Mzee akamvuta kwake. "Hapana," akasema, neno lenyewe, si kesho. "Tumaini."

Yaani atakayempelekea bibi ni Tumaini. Mzee akatoa simu, akaongea nayo kwa lugha yake, simu ikafikiri, ikatoa sauti ya mwanamke asiye na ukoo: "Nitabeba mjukuu mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Likizo kubwa ya shule. Bibi atashika uso. Mimi nitarudi na mjukuu."

Nikaomba niisikie tena. Akaniwekea mara tatu. Kisha akachukua asali, akafungua nailoni zote nilizofungia chupa pale pale, akaonja kwa kidole.

"Mzee," nikamuuliza, "lini? Siku gani?"

Akafikiri. Akarudisha mfuko mwekundu kwenye rafu, akashuka ngazi kwa tahadhari.

"Kesho," akasema, na safari hii alicheka, kicheko kizuri.

Nyumbani

Kurudi sina la kusimulia. Ndege iliondoka kwa wakati, ambalo ni jambo la ajabu peke yake. Njia nzima nilikuwa na furaha nusu na hofu nusu, na hofu ndiyo iliyokuwa haisinzii. Nimemwamini mtu wa mbali kwa neno ambalo mimi na nyinyi na Mama Bea tumelichakaza wenyewe. Sasa ni zamu yangu kukaa dukani.

Mmeniona tangu nirudi, abiria akiniambia nikipita tena nitachukua, namfungia kuku wake kwenye karatasi namweka kando. Mmenicheka. Wawili wamerudi kweli, kama hamkuhesabu.

Mama alinisikia nikishusha sanduku. Alinyoosha mikono mbele, chini, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minane. Nikaiona ile mikono, nikashindwa kusogea. Akapapasa hewa kidogo, akairudisha mapajani.

"Amesemaje mzazi mwenzangu?"

"Amesema kesho, mama."

Mama si mtoto, na kesho amezisikia nyingi.

"Ulimwamini?"

Nikamwambia yote, chai iliyofurika, rafu tupu, mfuko, kuku wa bati anayedonoa. Alinirudisha nyuma kwenye sauti ya yule kuku, nikamgongea kwa kucha kwenye kiti, tak tak tak. Akacheka, kama Yohana alivyokusudia. Asubuhi yake akawatenga majogoo wawili wasiuzwe, na firigisi zote mbili amesema ni za mgeni wake.

Kwa hiyo mkinipita pale stendi mkaniuliza Tumaini anakuja lini, nitawajibu kesho. Msicheke.